Fundi Kisigino na Viatu vya Mwanawe

Watu wengi wakikutana na mtu humtazama usoni kwanza. Fundi Kisigino huanzia chini. Ukipita mbele ya kibaraza chake, macho yake yanakudaka kwenye kisigino, yanapanda polepole mpaka gotini, na kabla hujamaliza kumwamkia ameshajua mkoba unaubeba kwa bega gani, kama uliwahi kuvunjika mguu, na kama nyumbani kwenu kuna ngazi nyingi. Wala si uchawi. Kiatu huliwa na anayekivaa. Mwenye haraka hula ncha, mvivu hula nyuma, na anayeumwa nyonga hula upande mmoja tu, ule mwingine akauacha kama ulivyotoka dukani. Shuleni Fundi aliishia darasa la nne, lakini soli alizisoma miaka arobaini na tano.

Siku hizi hazisomi sana. Viatu vya sasa vimemiminwa kipande kimoja, vikichoka vinatupwa, na hakuna anayeuliza fundi yuko wapi. Anakaa kibarazani na kikombe chake cha chai, anasikiliza miguu ya watu ikipita. Ukikaa naye vya kutosha, na ukajua kuuliza, hatakusimulia ujana wake wala harusi yake. Atakusimulia duka.

Lilikuwa chumba kimoja tu, hatua sita kwa nne. Meza mbili fupi zilitazamana, kila moja na chuma chake cha kuvalisha kiatu. Dirisha lilikuwa moja, na juu ya kizingiti chake kulikuwa na redio ambayo antena yake ilikuwa spoku ya baiskeli. Harufu ya ngozi na gundi ilikuwa nzito kiasi kwamba wateja wengine walikuja kutibu mafua. Meza ya kulia ilikuwa yake. Ya kushoto ilikuwa ya Mzee Gundi.

Mzee Gundi alikuja siku moja kutengenezewa kiatu, akakaa kusubiri, na hakuondoka tena. Hivyo ndivyo alivyoajiriwa. Alisubiri huku akipiga soga, akashika nyundo ili mikono isikae bure, na jioni ilipofika alikuwa ameshapiga soli mbili za watu asiowajua. Kesho yake akarudi. Hata uzee wenyewe ulikuwa wa jina tu, maana Fundi alimzidi miaka miwili. Ila alikuwa na mvi mapema na mdomo usiolala. Jambo likiingia sikioni mwake asubuhi, saa sita limeshafika sokoni na kurudi, tena likiwa na nyongeza.

Duka lile lilikuwa na sheria moja, nayo aliitunga Fundi mwenyewe. Hakuna kiatu kinachotoka na kisigino kilicholala. Hata kama umeleta kushonewa kamba tu, kisigino kitageuzwa, kitatazamwa, na kikiwa kimeinama kitanyooshwa bila wewe kuombwa chochote.

"Mtu atoke hapa amelalia upande?" Fundi alikuwa akisema. "Watauliza ametoka kwa nani."

"Kwa daktari wa meno," Gundi angejibu, na nyundo zingeendelea.

Ndivyo walivyoishi miaka kumi na miwili. Kisha vita vikaja.

Ukimuuliza Fundi vilikuwa vita vya nini, anakuna kichwa. Redio ilisema ni vya heshima ya taifa. Wauza mboga walisema ni vya kilima kimoja huko mpakani ambacho hata mbuzi hawakitaki. Mtaani watu waliviita "vita vya wenyewe", yaani wenyewe huko juu wanaojua wanagombania nini. Mwanzoni walitakiwa vijana wa kujitolea, na mtaa mzima wakajitolea kumi na mmoja, wengi wao wakiwa wamechoka kukaa bila kazi. Wa kujitolea walipoisha, lori la kijani likaanza kuwajitolea wengine.

Malori yalikuja mawili, mchana kweupe. Moja lilifunga barabara kwa juu, la pili kwa chini, na kijana yeyote aliyekuwa katikati alipakiwa. Kinyozi wa jirani aliachwa na wembe mkononi, mteja wake kachukuliwa huku kichwa kimenyolewa nusu. Wiki nzima watu walilicheka hilo.

"Adui akimwona atajua tumeishiwa hata nyembe," Gundi alisema.

Wiki iliyofuata akachukuliwa mtoto wa kinyozi mwenyewe, na hakuna aliyecheka tena.

Vita vikaingia hadi dukani. Askari mmoja, dereva, kijana wa uso wa mviringo mwenye adabu zake, alishusha magunia mawili mlangoni. Yalikuwa mabuti ya jeshi, yaliyochanika na kung'oka soli.

"Shikamooni, wazee. Kazi ya taifa hii. Yanatakiwa Ijumaa."

"Marahaba," Gundi alijibu. "Na hilo taifa lenyewe linavaa namba ngapi?"

Dereva alicheka, lakini magunia yakabaki. Kukataa hakukuwa na mlango.

Ilikuwa siku ya tatu ya mabuti hayo Fundi aliposhika moja la mguu wa kulia, akaingiza mkono ndani kutafuta misumari iliyochomoza, vidole vyake vikagusa kitu. Kilikuwa kipande cha ngozi, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kimeshonwa kwa mshono wa msalaba. Hakuhitaji kukitoa akitazame. Alikuwa amekishona yeye. Mwezi mmoja kabla, mtoto wa Mama Mikate, yule wa duka la mikate la ng'ambo ya barabara, alipita kuaga akiwa ameshapewa sare, akalalamika kwamba miguu yake bapa inamuuma. Fundi akamtengenezea kipande hicho palepale, bure, akakibandika ndani ya buti.

Sasa buti lilikuwa limerudi. Kijana hakurudi nalo. Na mabuti yale yalikuwa yakitengenezwa ili wavalishwe wengine.

Mama Mikate alikuwa hajaletewa habari yoyote. Fundi alimwona pale dirishani kwake, akipanga mikate na kuimba kidogo kidogo. Akavuka barabara, akanunua mkate asiouhitaji, akasimama.

"Mbona umeniganda, Fundi? Mkate umekukosea nini?"

"Hamna, dada. Nauangalia tu."

Akarudi na mkate wake. Karatasi ya serikali ilimfikia mama yule baada ya wiki tatu, na katika wiki hizo tatu Fundi hakuweza kula mkate.

Hapo ndipo alipoanza kumtazama mwanawe.

Alikuwa na binti wawili walioolewa na huyu mmoja, kitinda mimba, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinda. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye rangi chini ya kucha siku zote kwa sababu alikuwa mchora mabango ya maduka. Kile kiatu kilichochorwa mlangoni pa baba yake kilikuwa kazi yake ya kwanza, na kilifanana zaidi na samaki, lakini Fundi hakuruhusu kifutwe. Akiwa na miaka saba Kinda alianguka kutoka juu ya ukuta akavunja mguu wa kulia chini ya goti. Ulipona vizuri. Likabaki kovu tu, refu kama kidole.

Barua yake ilifika siku ya Jumanne. Afike shule ya msingi baada ya wiki nne, saa tatu asubuhi, kukaguliwa afya. Asiyefika atahesabiwa mtoro wa jeshi, yeye pamoja na aliyemficha.

"Kovu lipo," mkewe Fundi alisema, akiwa ameishika ile barua kwa ncha za vidole. "Kwa nini mguu usiwe haujapona?"

"Wamejaribu wengi," Kinda alisema. "Mtoto wa kinyozi alichechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Sajini akamwambia avue viatu, akavigeuza, akaona soli zimelika sawasawa kama za mwalimu wa gwaride. Akamwambia, bwana mdogo, mguu wako umeanza kuuma leo asubuhi?"

Fundi aliinua kichwa. "Sajini anaangalia soli?"

"Kwanza kabisa. Daktari anapapasa tu."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya lile buti, Fundi alihisi pumzi ikimshuka mpaka tumboni. Dunia nzima ingeweza kumshinda kwa lolote, lakini soli? Soli zilikuwa zake.

Walianza kesho yake. Alimfunga Kinda ubao mwembamba nyuma ya goti, ndani ya suruali, ili goti lisahau kujikunja. Majirani wakaambiwa mguu wa zamani umevimba.

"Usiigize," alimwambia uani, kijana akienda na kurudi kati ya pipa la maji na kamba ya nguo. "Anayeigiza huchechemea pale anapokumbuka. Wewe usahau."

"Nikisahau kabisa, baba, si nitabaki hivi?"

"Bora ubaki hivi hapa kuliko unyooke huko."

Viatu vilikuwa vya Kinda mwenyewe, vya kahawia, vyenye miaka miwili. Fundi alivifanyia kazi kwa siku nane. Mguu unaoburutwa hula ncha, na mguu mzima, kwa kuwa unabeba mzigo wa wote wawili, hula kisigino kwa nje. Akala ncha ya kulia kwa tupa, akala kisigino cha kushoto kwa msasa, kidogo kidogo, akisimama kila mara kuvigeuza kwenye mwanga. Halafu akavisugua kwenye saruji, akavipaka tope, akavikausha, akavisugua tena, mpaka alama za tupa zikapotea na ikabaki ile ngozi iliyochoka ambayo huipati ila kwa miaka. Hebu fikiria: mtu aliyenyoosha visigino vya watu maisha yake yote, sasa amekaa anaviinamisha. Anasema mkono ulimgomea. Siku ya kwanza ilibidi ajishike kifundo cha mkono kwa mkono wa pili ndipo tupa iende.

Kazi hiyo aliifanya Gundi akiwa ametoka kwenda kula, na viatu alivificha chini ya mabaki ya ngozi. Gundi hakuambiwa chochote. Ilikuwa amri ya mke wa Fundi.

"Shemeji yangu nampenda," alisema, "lakini kumwambia yeye ni sawa na kusoma taarifa ya habari."

Jioni ya mwisho Fundi alivipaka tope la mwisho, akaviweka dirishani vikauke. Asubuhi yake ilikuwa siku ya ukaguzi. Alipanga kuvichukua mapema, kabla Gundi hajafika, lakini kwanza yeye na Kinda wapitie zahanati kuchukua cheti cha mfupa wa zamani. Karani wa zahanati alichelewa kufika. Akatafuta daftari la miaka kumi na miwili nyuma kama anayetafuta sindano. Walipotoka na cheti, saa mbili na nusu ilikuwa imeshapita, Kinda akiwa na malapa mguuni.

Mlangoni mwa duka Fundi alisikia Gundi akiimba. Akaingia. Macho yakaenda dirishani, dirisha lilikuwa tupu.

Viatu vilikuwa juu ya meza ya kushoto, vimewekwa kwenye gazeti safi. Viling'aa. Ungeweza kujitazama meno. Ncha ya kulia ilikuwa imepigwa kiraka kisichoonekana, na visigino vyote viwili vilikuwa vipya, vimenyooka kama meza.

"Ehee! Mwenyewe amefika!" Gundi alisimama, mikono imejaa dawa ya viatu, uso mzima unacheka. "Nimefungua saa kumi na mbili na nusu, naona viatu vya mtoto dirishani, nikasema Mungu wangu! Baba mtu fundi, mtoto anakwenda kusimama mbele ya serikali kisigino kimelala kama mlevi? Leo? Na jinsi anavyoumwa mguu wenyewe! Nikajua umezidiwa na mawazo, ndugu yangu, umesahau. Nikasema, mimi nipo kwa kazi gani?"

Fundi alifungua mdomo. Na hapo ndipo alipomwona mtu wa tatu. Kwenye kigoda cha wateja alikaa dereva wa magunia, soksi nje, akisubiri buti lake mwenyewe lipigwe msumari.

"Kazi safi sana," dereva alisema. "Nimemwona akiifanya. Kama anamvalisha bwana harusi."

Neno moja tu lingetosha kumweleza Gundi, na neno hilo moja lingetosha pia kuwafunga baba na mwana. Koleo la kung'olea kisigino lilikuwa pale, hatua mbili. Fundi aliliangalia. Akaangalia soksi za dereva. Kinda alikuwa ameegemea mlango, rangi imemtoka usoni.

"Ahsante, Gundi," Fundi alisema.

"Ahsante ya nini? Vaa, mwanangu, tukuone."

Kinda akavaa. Akasema, "Ahsante, baba mdogo. Vimenikaa."

Kutoka dukani hadi shuleni ni mwendo wa robo saa. Walipokata kona ya kwanza tu, Kinda alianza kuburuta kisigino cha kushoto kwenye ukingo wa saruji wa barabara, na Fundi akiomba kimoyomoyo kilike. Kikakataa. Gundi alikuwa ametumia raba ya tairi la lori, ile waliyoiweka kwa ajili ya wateja wa heshima, ambayo ilitembea miaka mitano bila kujikuna. Wakajaribu jiwe. Jiwe ndilo lililolika. Mama mmoja aliyefagia mbele ya nyumba yake alisimama kuwatazama, mtu mzima kapiga magoti anasugua kiatu cha mwenzake kwa jiwe.

"Kimekanyaga nini hicho?"

"Balaa, mama," Fundi akamjibu.

Kinda akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, na Fundi naye, akiwa bado amepiga magoti, akajikuta anacheka, machozi yanamtoka, na hakuna hata mmoja aliyejua machozi hayo ni ya nini. Halafu kengele ya shule ikalia.

Wazazi walizuiwa kwenye uzio. Lakini darasa lililotumika lilikuwa na madirisha makubwa, na Fundi aliona yote. Daktari, mchovu, alipapasa lile kovu, akasoma cheti, akatikisa kichwa kama anayekubali. Kinda alitembea kutoka ubaoni hadi mlangoni, na alitembea vizuri, yaani vibaya, kama alivyofundishwa. Kwa muda kidogo Fundi alidhani labda. Kisha sajini, mtu mnene mwenye miwani, akanyoosha mkono. Kinda akavua viatu. Sajini akageuza kimoja, akapitisha kidole gumba juu ya kisigino, taratibu, kama fundi hasa. Akacheka. Akamwita mwenzake aje aone raba ile. Akagonga muhuri.

Waliopita walipandishwa lori moja kwa moja. Fundi alisukumana mpaka nyuma ya lori, akamshika mwanawe mkono kupitia kwenye vyuma.

"Baba, sikiliza. Usimwambie."

"Nani?"

"Baba mdogo. Usimwambie alichofanya. Hatalala tena yule."

"Kinda..."

"Niahidi. Haraka, baba."

Akaahidi. Lori likaondoka.

Alirudi dukani kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Gundi alisimama na nyundo mkononi.

"Wamesemaje?"

"Wamemchukua."

Nyundo ikaanguka. Gundi alikaa chini, sakafuni, akaweka uso kwenye aproni yake chafu. "Na mguu ule? Macho hawana? Hawakuona mtoto anavyochechemea?"

"Hawakuona."

Mwishowe Gundi akafuta pua.

"Lakini alipendeza," alisema kwa sauti ndogo. "Angalau kaondoka amependeza."

Neno lilimfika Fundi mdomoni. Lingetoka, lingemaliza watu wawili badala ya mmoja. Akalimeza.

"Alipendeza sana," akasema.

Mwaka mmoja na nusu uliofuata Fundi anausimulia kwa vipande. Mke wake hakuzima taa ya mlangoni, hata mchana. Barua nne zilikuja, zote zikisema nipo. Na mtaa ulibadilika. Hakuna aliyeitisha mkutano, hakuna aliyeandika bango. Ilianza na Mama Mikate. Siku moja lori la kijani lilipita, naye, badala ya kulitazama, akaligeuzia mgongo, akasimama hivyo mpaka likapotea. Safari iliyofuata walikuwa wanawake watano. Baada ya mwezi, lori likiingia, barabara nzima iligeuka: wauza mboga, kinyozi na wembe wake, watoto wa shule, wote migongo tu. Ungesema lori linapita katikati ya ukuta wa migongo. Dereva yule wa uso wa mviringo aliacha kupiga honi. Alipita polepole, kichwa ameinamisha, kama aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha.

Alipoleta magunia tena, Fundi hakuyagusa.

"Yarudishe, kijana. Mwambie mkuu wako mikono yangu inaumwa."

"Mzee, watakuja kukuchukua."

"Na mimi ugonjwa nimeambukizwa," Gundi akadakia, akanyoosha vidole vyake vizima kabisa. "Waje na lori kubwa. Mimi naongea njia nzima."

Dereva aliyapakia magunia yake. Hakuna aliyekuja kuwachukua. Nani alisema nini kwa nani, hawakujua kamwe.

Vita viliisha siku moja ya kawaida, redioni, kati ya tangazo la sabuni na matokeo ya mpira. Hakuna aliyetangazwa mshindi. Kilima kikabaki palepale. Wiki tano baadaye Kinda aliingia dukani mchana, mwembamba kama ufito, akasimama mlangoni. Gundi ndiye aliyemwona kwanza. Alipiga ukelele uliotoa watu madukani, akamkumbatia, akamzungusha, kisha akamshika mabega amtazame.

"Mguu je?"

Kinda alimwangalia baba yake juu ya bega la Gundi. "Umepona, baba mdogo."

"Si nilisema! Kisigino kikinyooka, mguu unafuata!"

Kuanzia siku hiyo hadithi ikawa ya Gundi. Aliisimulia kwa wateja, kwenye harusi ya Kinda, na kwa watoto wa Kinda walipoanza kuvaa viatu. "Mimi ndiye niliyemvalisha huyu siku alipokwenda vitani. Raba ya tairi la lori! Ndiyo iliyomrudisha." Kila mara Kinda angejibu, "Kweli kabisa, baba mdogo, vilikuwa viatu." Nyumbani, mkewe Fundi, aliyeujua ukweli, ndiye aliyeshindwa kusamehe. Mwaka mzima alimpa shemeji yake chai bila kumtazama. Mwaka wa pili akamwekea sukari. Wa tatu akamwuliza kama ameshiba. Fundi anasema ungeweza kupima msamaha wa mwanamke yule kwa kijiko.

Mwenyewe hakuwahi kukasirika. Ndivyo anavyosema. Lakini ukimbana kidogo, anakubali kwamba kwa miezi ile kumi na minane, kila Gundi alipoimba, alilazimika kupiga nyundo kwa nguvu zaidi.

Gundi aliondoka mwaka jana, wakati wa mvua. Wiki yake ya mwisho alilala chumbani kwake, hana sauti, mtu ambaye sauti ndiyo iliyokuwa mwili wake. Fundi alikwenda kila asubuhi, akakaa kwenye kiti cha karibu na mto, akaongea yeye badala yake. Alikuwa hajui kupiga soga, alikuwa hajawahi kupata nafasi. Alitaja viatu vya watu, kimoja kimoja.

Asubuhi ya Alhamisi Gundi alimshika mkono, akanong'ona.

"Nikuulize kitu. Kimenikaa miaka mingi."

"Uliza."

"Ile siku ya Kinda. Ulipoviona vile viatu pale mezani." Akapumzika. "Uliviangalia kama umeona nyoka. Nilikuona. Nilifanya kosa gani?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Fundi alitazama ule mkono uliomshika, ngozi ya kidole gumba bado ngumu kwa gundi ya miaka yote ile. Ahadi aliyopewa kijana nyuma ya lori ilikuwa imetunzwa miaka ishirini na tisa. Angeweza kusema ukweli sasa. Nani angemlaumu? Mtoto alirudi, ana watoto wake, mabango yake yapo kila mtaa.

"Kosa?" akasema. "Gundi, ukweli unaumiza. Nilipoviona nilijua umenizidi ufundi. Mimi, mwalimu wako. Niliona wivu, ndugu yangu. Nikashindwa kukwambia."

Gundi alimkodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, kicheko kikavu kisicho na sauti, kikawa kikohozi, kikarudi kuwa kicheko, mpaka binti yake akaja mbio kutoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Mwambie," Gundi alihema, akimnyooshea Fundi kidole. "Mwambie na huyu ulivyosema. Rudia. Polepole."

Fundi akarudia. Alirudia pia kwa mkwe aliyeingia baadaye, na kwa jirani aliyeleta maji, na kwa Kinda alipofika mchana na rangi chini ya kucha, naye akasimama miguuni pa kitanda, akasikiliza neno kwa neno, akasema, "Hata mimi nilijua, baba mdogo. Nilikuwa naogopa tu kumwudhi mzee."